Dereva au gari? Anza na mwenzake wa timu

Kwenye Langalanga (Formula 1), jedwali la pointi hukuonyesha gari kuliko dereva. Kipimo cha maana cha dereva ni mwenzake wa timu, maana gari ni lilelile. Mwaka 2023, Verstappen wa Red Bull alishinda mbio 19 kati ya 22. Mwenzake Pérez, na gari hilohilo la RB19, alishinda 2.

Linganisha muda wa kufuzu (mizunguko ya kupanga nafasi za kuanzia), si wa mbio: kwenye mbio, kilo 10 za mafuta hula takriban sekunde 0.3 kwa mzunguko. Chukua awamu ileile ya kufuzu na matairi ya aina moja, kwani lami hushika zaidi dakika za mwisho. Tupa siku za mvua na hitilafu. Geuza tofauti iwe asilimia, maana sekunde 0.3 kwenye mzunguko mrefu wa Spa, Ubelgiji, si sawa na 0.3 kwenye mzunguko mfupi wa Austria. Kisha chukua namba ya katikati, si wastani. Siku moja mbovu huharibu wastani.

Jaribio safi zaidi ni dereva kuhamishwa ghafla. Kwenye mbio za Sakhir, Bahrain, 2020, Russell alitoka timu ya Williams akaketi kwenye Mercedes ya Hamilton, viatu vikimbana, akafuzu sekunde 0.026 tu nyuma ya Bottas, dereva wa kawaida wa Mercedes.