Siku yangu wodini, kabla ya thieta

Saa 12:30 asubuhi. Napokea zamu wodi ya upasuaji ya wanaume. Leo wanaingia watatu: mzee wa ngiri, kijana aliyevunjika mguu kwa bodaboda, na baba wa tezi dume.

Saa 1. Naanza na mzee wa ngiri. "Shikamoo baba, umelala?"

"Marahaba mwanangu, nimelala."

Shuka lake halina hata kunjo. Presha 170 kwa 100. Jana ilikuwa 130 kwa 80.

Neno "usiogope" nimeliacha siku nyingi. Mtu akishaambiwa asiogope, atauliza nini tena? Navuta kiti. "Baba, ukifikiria kule ndani, kinachokutisha zaidi ni nini?"

Anasema jirani yake alipigwa nusu kaputi, hakuamka. Namweleza kwamba yeye atachomwa ganzi mgongoni na atabaki macho. Miguu itakuwa mizito kama si yake, kisha itarudi baada ya saa chache. Kabla ya kisu watamgusa na kitu cha baridi. Asiposikia ubaridi, ndipo waanze. Anaweza kuhisi kuguswa na kuvutwa, lakini si maumivu. Hilo la kuvutwa silifichi kamwe. Asiyeambiwa, akivutwa pale mezani hudhani ganzi imekwisha.

Ananyamaza. Halafu, bila kunitazama: "Mwanangu, humo ndani mna mabinti wangapi?"

Kumbe ndilo lililomnyima usingizi. Namwambia atafunikwa, ibaki wazi sehemu ya upasuaji tu. Kunyolewa na kubadilishwa nguo, namwachia muuguzi mwenzangu wa kiume.

Saa 2. Presha 142 kwa 86. Daktari anapitia naye fomu ya ridhaa, anasaini.

Saa 3. Mlangoni mwa thieta anavua kofia yake ya kiua na kunikabidhi.

Saa 4. Kijana wa bodaboda hataki maelezo marefu. Anauliza lini atatembea, namjibu, anageukia ukutani. Namwacha, wengine hutulia hivyo.

Saa 5. Damu ya kumwongezea baba wa tezi dume haijapatikana, upasuaji wake umesogezwa hadi kesho. Naenda kumwambia mwenyewe, na kikombe cha uji mkononi. Kafunga tangu jana usiku bure, na kesho lazima nianze naye upya.

Saa 7. Mzee amesharudi, anaikodolea macho miguu yake. Kidole gumba cha kushoto kinatikisika.

"Sasa nipe kofia yangu," anasema.