Gari lililokosa sevisi miaka: oili gani itangulie?

Gari limepita kilomita 200,000, limepitia mikono mitatu, na kile kikadi cha sevisi kinachofungwa chini ya boneti wino wake umefutika. Hapa Malindi swali la kwanza huwa ni lile lile: nitie oili nzito au nyepesi? Swali hilo huja mapema mno. Kwanza itazame injini yenyewe. Dakika ishirini zatosha.

Fungua kifuniko cha kutilia oili, umulike ndani kwa tochi ya simu. Ukiona chuma chenye rangi ya asali au hudhurungi, injini imezeeka tu. Ukiona ukoko mweusi kama wa chini ya sufuria ya wali, unaotoka kwa ukucha, basi oili ilikaa humo hadi ikapikika. Povu jeupe kama maziwa lina maana mbili. Gari la safari fupi, nyumbani hadi sokoni na kurudi, hukusanya mvuke ambao haupati muda wa kukauka, hasa kwa unyevu wetu wa pwani. Liendeshe hadi Kilifi na kurudi, kisha uangalie tena. Povu likirudi, au maji ya rejeta yakipungua, huenda gasketi ya silinda hedi ndiyo yenye kasoro, na hakuna oili itakayoiponya.

Halafu moshi. Mwombe mtu akufuate nyuma. Moshi wa buluu unaotoka mara moja asubuhi na kupotea ni wa vali sili, vile vimpira vinavyozuia oili kwenye vali, zilizokauka: oili huchuruzika usiku kucha ikaingia kwenye silinda. Magari yanayoachwa Mokowe wiki mbili tatu wenyewe wakiwa kisiwani Lamu huonyesha dalili hii wazi kabisa. Moshi wa buluu unaozidi kila ukikanyaga mafuta ni wa ringi za pistoni. Hayo ni magonjwa mawili tofauti, na gharama zake hazikaribiani.

Sasa namba za kwenye galoni. Yenye herufi W ni ya baridi: 5W hujaribiwa kwenye nyuzi 30 chini ya sifuri, 10W nyuzi 25 chini ya sifuri. Baridi hiyo haitufikii kamwe, kwa hiyo 5W-30 na 10W-30 kwetu hazitofautiani sana, ila ile ya 5W huwahi kidogo kufika juu kwenye kamshafti, shafti inayofungua vali, injini ikiwashwa asubuhi. Namba ya nyuma ndiyo ya kushikilia: ni uzito wa oili ikiwa nyuzi 100. Kwa kipimo cha sentistoki, daraja la 30 huanzia 9.3 hadi chini ya 12.5, la 40 huanzia hapo hadi chini ya 16.3, la 50 hadi chini ya 21.9. Zitazame vizuri: 30 iliyo upande wa juu na 40 iliyo upande wa chini ni majirani. Oili nyingi zilizoandikwa kuwa ni za magari yaliyotembea sana hukaa upande huo wa juu wa daraja lake, na huwekwa viungo vya kulainisha sili zilizokakamaa. Kwa gari lenye jasho la oili pembeni mwa tapeti kava (kifuniko cha juu ya injini), ni pesa iliyotumika vyema.

Watu husema joto la pwani lataka 20W-50. Joto la kaskazi haliamui uzito wa oili ndani ya injini. Themostati, ile vali inayozuia maji ya rejeta hadi injini ipate moto, ndiyo inayoshika kipimo, iwe ni Malindi au Limuru kwenye baridi. Na hapa kuna jambo linaloniuma. Mafundi wengi huitoa themostati "gari lisichemke". Injini basi hukimbia ikiwa baridi kuliko inavyotakiwa, maji na petroli vilivyoingia kwenye oili havikauki, na ukoko ule huzaliwa hapo. Ukinunua gari, hakikisha themostati ipo kabla ya kununua oili ya bei.

20W-50 si sumu. Ubaya wake ni kuficha. Hupunguza moshi na kelele kwa wiki chache, nawe unaamini gari limepona. Injini za VVT-i, zinazobadilisha wakati wa kufungua vali, kama ile 1NZ-FE ya Toyota Probox na Fielder, huendesha kamshafti kwa presha ya oili inayopita kwenye vali yenye chujio dogo sana. Chujio likishikwa na ukoko, na oili ikawa nzito, gari hukosa nguvu na taa ya injini huwaka. Ushauri wangu: anza na daraja la kitabu, yaani 5W-30 kwa 1NZ. Panda hatua moja tu, hadi 10W-40 au 5W-40, baada ya kupima na kuona sababu. Magari ya haibridi yanayotaka 0W-20 sitayagusa hapa. Dizeli zitiwe oili ambayo alama yake ya ubora ya API huanza kwa herufi C, mfano API CI-4 15W-40, na usishtuke ikiwa nyeusi siku hiyo hiyo.

Kwa petroli angalia herufi S. SN ni ya 2010, SP ni ya 2020, na SP iliongezewa kinga ya cheni ya taimingi. Zipo galoni za bei nafuu zenye SF; hiyo ni oili ya magari ya miaka ya 1980. Injini yenye ukoko yahitaji sabuni nzuri ndani ya oili, na SF haina ya kutosha.

Kusafisha ndiko kwenye hatari. Usitie mafuta ya taa wala dizeli uunguze injini nayo: beringi hubaki bila utando wa kuzilinda. Hata flashi (dawa ya kusafishia injini) ya dukani, kwenye injini yenye ukoko mzito, hubandua vipande vikaenda kuziba chujio la pampu lililozama kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini. Presha huisha, na krankshafti, shafti kuu ya injini, huliwa ndani ya dakika chache. Ukoko ukiwa mwingi, sampu ifunguliwe, chujio lioshwe kwa mkono. Ukiwa wa wastani, acha oili yenyewe ifanye kazi polepole: imwage baada ya kilomita 1,000, tena baada ya 2,000, kisha kila 5,000, filta mpya kila mara. 1NZ huchukua lita 3.7 pamoja na filta, hivyo galoni ya lita nne kila safari. Kwa kumwaga mara mbili za kwanza usinunue ya ghali. Ni oili ya kuoshea. Ikitoka nyeusi tii, ndivyo inavyotakiwa.

Mwaga injini ikiwa moto. Nati ya sampu ni ya spana 14: weka ringi mpya ya kuzuia kuvuja, kaza kwa nguvu ya mkono mmoja bila bomba la kuongezea, maana nyuzi za tundu la nati zikiliwa utanunua sampu. Hakikisha mpira wa filta ya zamani haukubaki umeganda kwenye injini. Mipira miwili ikikutana, oili yote humwagika barabarani. Paka mpira mpya oili, zungusha hadi uguse, ongeza robo tatu ya mzunguko. Tia lita 3.2, washa dakika moja, zima, subiri dakika tano, kisha jazia kidogo kidogo kwa kutazama kijiti. Ikizidi, krankshafti huipiga ikawa povu. Kata filta ya zamani uikague: vumbi linalong'aa kama pambo la nguo ni beringi zinazokwisha. Oili chafu usiimwage mchangani, visima vyetu havina kina.

Baada ya hapo pima. Jaza hadi alama ya juu, uandike kilomita, na kila asubuhi ya kujaza petroli vuta kijiti gari likiwa mahali tambarare. Usingojee taa: ile hutangaza presha imeshuka, na wakati huo oili imeshaisha. Toyota huhesabu lita moja kwa kilomita 1,000 kuwa ndio mpaka. Chini ya nusu lita, baki na 5W-30. Kati ya nusu na lita moja, kwanza badilisha vali ya PCV, inayotoa mvuke wa ndani ya injini, ambayo ikiziba husukuma oili nje kupitia kila sili, upime tena. Hali ikiwa ile ile, hapo 40 ina haki yake. Zaidi ya lita, pima kompresheni (mgandamizo wa hewa ndani ya silinda), kisha tia oili kijiko kwenye tundu la plagi upime mara ya pili. Namba ikipanda sana, ringi zimechoka. Na kama ni injini za 1ZZ za mwanzo, zile za Premio na Allion za 1.8, matundu ya kurudishia oili kwenye pistoni yalikuwa machache na madogo, yakaziba. Hizo hazitibiwi na galoni yoyote. Weka akiba ya pistoni na ringi, na ndani ya gari beba lita moja ya kujazia.