Maneno ya Kiingereza yenye Q bila U: maana zake, na namna ya kuyatumia kwenye Scrabble

Kwenye seti ya Scrabble ya Kiingereza, mchezo wa kuunda maneno ubaoni kwa vigae vya herufi, kuna vigae 100. Q ni kimoja tu, chenye pointi 10. U ziko 4, na vigae vitupu 2. Anayesubiri U ndipo aitumie Q yake anaweza kusubiri mpaka mchezo uishe, na ukiisha Q bado iko mkononi anakatwa pointi 10, huku aliyemaliza vigae vyake akiongezewa hizo hizo 10. Pengo la pointi 20 kwa herufi moja! Dawa yake ni kujifunza maneno ambayo Q haihitaji U, na msomaji wa Kiswahili anaanzia mbele ya wengine. Sababu yake nitaieleza.

Mazoea ya kuandika QU pamoja yaliingia Kiingereza baada ya Wanormani kutoka Ufaransa kuiteka Uingereza mwaka 1066. Waandishi waliofuata mtindo wa Kifaransa waliiondoa CW ya zamani wakaweka QU. Cwen ikaishia kuwa queen. Maneno yenye Q bila U mengi yamekuja baadaye kutoka lugha nyingine, hasa Kiarabu, ambako Q inasimama badala ya herufi qaf. Maneno hayo hayo ya Kiarabu yaliingia kwetu pia, ila sisi qaf tunaiandika K.

Anza na QI. Ndilo neno pekee la herufi mbili lenye Q. Limetoka Kichina, linatamkwa "chii", na maana yake ni nguvu ya uhai inayopita mwilini. Orodha ya mashindano ya Marekani ililikubali mwaka 2006, na orodha ya Collins, inayotumika kwenye mashindano mengi ya Kiingereza nje ya Marekani na Kanada, inalo pia. Wingi ni QIS.

Thamani ya QI iko kwenye miraba inayozidisha herufi mara tatu, ambayo iko 12 ubaoni. Tuseme kuna I ubaoni, na mraba ulio juu yake ni wa aina hiyo. Weka Q hapo, kisha I yako kulia kwake kwenye mraba wa kawaida. QI inasomeka kwa mlalo na kwa wima. Kila moja ni 30 na 1, yaani 31. Jumla 62, kwa vigae viwili tu. Ndiyo maana mwenye Q hapaswi kutumia I yake ya mwisho ovyo, na asiye na Q, kama bado haijatoka, asiache I wazi pembeni mwa mraba kama huo.

Sasa yale yenye asili ya Kiarabu. QADI ni kadhi. Iandike kwa D peke yake, maana mkono wa Mswahili unataka kuongeza H. TALAQ ni talaka na NIQAB ni nikabu, na yote mawili hayana irabu mwishoni. Hapo ndipo wengi wetu wanapopoteza zamu: sikio linadai irabu, Kiingereza hakina. NIQAAB kwa A mbili nayo inakubalika, na inafaa unapokuwa na A nyingi. FAQIR si maskini yeyote kama fukara wetu. Ni mtawa wa Kiislamu au wa Kihindu anayeishi kwa sadaka. QAID ni kiongozi wa kabila au eneo huko Afrika Kaskazini, na halihusiani na ukaidi. SUQ ni soko la nchi za Kiarabu, na lina U, ila imetangulia Q. QAT ni miraa.

FIQH (elimu ya sheria za Kiislamu), WAQF (mali ya wakfu), QIBLA, QASIDA na TARIQA yamo Collins. FIQH na WAQF yana pointi 19 kila moja kabla ya kuzidishwa, na mpinzani asiyeyajua atayapinga upesi. Ukicheza kwa orodha ya Marekani, hakikisha kwanza kama yamo kwenye toleo mnalotumia.

Nje ya Kiarabu, QOPH ni herufi ya Kiebrania. UMIAQ ni mashua ya ngozi ya Wainuit, wenyeji wa Aktiki, na SHEQEL ni sarafu ya Israeli, wingi SHEQELS au SHEQALIM. MBAQANGA ni muziki wa Afrika Kusini. QWERTY ni mpangilio wa kibodi uliopewa jina la herufi zake sita za kwanza. Wingi ulio salama ni QWERTYS. TRANQ ni kifupisho cha tranquilizer, yaani dawa ya kutuliza: U ilikuwepo, ikakatwa pamoja na mkia wote.

Usijaribu IRAQ wala QATAR. Majina ya nchi hayakubaliki.

Jambo linalosahaulika ni kwamba mengi ya haya yana tahajia nyingine. QADI ni pia CADI na KADI. FAQIR ni FAKIR. QAT ni KAT na KHAT. SHEQEL ni SHEKEL. Ukilijua neno moja umepata mawili au matatu, hata siku ambayo Q iko kwa mwenzako.

Kuhusu kubadilisha vigae: unapoteza zamu nzima, na unaruhusiwa tu kama mfukoni vimebaki angalau 7. Kwa hiyo mfuko unapokaribia vigae 10, angalia ubao. Kama hakuna I iliyo wazi, huna I mkononi, wala A na T za QAT, toa Q wakati huo huo. Zamu mbili baadaye mfuko unaweza kuwa chini ya 7, na hapo hutaweza tena kuirudisha.