Hasira za barabarani Texas: sprei ya pilipili, shoti ya umeme na mlango uliofungwa

Wadogo zangu mnaoanza kuendesha hapa Houston, hasa mliokuja juzi juzi na sasa mnapiga Uber, naombeni mnisikilize kwa hili maana swali ninaloulizwa sana siku hizi ni moja, kaka ninunue nini niweke kwenye gari, madereva wa huku wana hasira.

Kwanza mjue mko wapi. Texas tangu Septemba 2021 mtu wa miaka 21 ambaye sheria haimkatazi anabeba bastola bila kibali, na ndani ya gari ilikuwa ruksa hata kabla ya hapo. Kwa hiyo yule aliyekuchomekea kwenye barabara kuu ya I-45 halafu kashusha kioo anakutukana, we mhesabie tu kwamba anacho chuma. Ukishuka na rungu au spana mkononi umempa sababu ya kukitoa, na polisi wakifika wewe ndo unaonekana uliyeanza fujo.

Mi nasema nunua sprei ya pilipili, tena ya jeli, kwa sababu ile ya mvuke upepo ukigeuka inakurudia mwenyewe. Texas kopo dogo la kujilinda ni halali. Ila usipulizie ukiwa umekaa ndani ya gari!! Hewa yenyewe ndogo, macho yanafunga, unakohoa, na mguu bado uko kwenye breki. Hiyo ni ya pale umeshuka sheli unajaza mafuta, jamaa kakufuata toka haiwei na anakuja mwilini kwako, unapuliza usoni halafu unakimbia. Na usiiache kwenye gari, makopo mengi yameandikwa yasizidi nyuzi 49 za sentigredi, sasa gari lililofungwa juani mwezi wa nane hapa Houston linapita hapo mchana mmoja tu, kopo linavuja au linapasuka. Ikae kwenye funguo, uzoee kuzungusha ile loki yake kwa dole gumba bila kuangalia, na uangalie tarehe ya kuisha.

Shoti za umeme, yaani vile vifaa vya mkononi vya kumpiga mtu shoti, siwashauri sana. Za kugusisha zinataka mtu awe ameshakukamata, na zile za kurusha lazima vishale vyote viwili vishike, koti zito la baridi linaharibu mambo. Na dawa ya nyigu mnayoambiana ni mbadala wa bei rahisi, acheni kabisa, kuipulizia kinyume na maelekezo ya kopo ni kosa kwa sheria ya Marekani na wala haijatengenezwa kumzuia binadamu.

Halafu kumpulizia mtu eti kwa sababu kakutukana ni shambulio. Wewe una grini kadi au unaisubiri, kesi ya jinai ya dakika mbili inaweza kukufuata mpaka mbele ya jaji wa uhamiaji, mama nyumbani anategemea hicho unachotuma. Inaniuma nikiwaza hilo.

Kinachookoa kweli ni gari lenyewe. Kuna jamaa wa pikapu alinifuata mpaka kwenye taa, akashuka akaanza kupiga kioo changu kwa ngumi huku anapiga kelele. Milango imelokiwa, vioo juu, na mbele nilikuwa nimeacha nafasi, yaani naona matairi ya gari la mbele yanavyogusa lami, nikakata usukani kulia nikaondoka taratibu bila kumwangalia. Sprei ilikuwa hapo hapo kwenye funguo, sikuigusa.

Ukiona anaendelea kukufuata usiende nyumbani, asijue unapolala. Nenda kituo cha polisi, cha zimamoto, au sheli yenye watu na kamera, kaa ndani ya gari, piga 911, namba ya dharura, uwape jina la barabara, namba ya egziti na rangi ya gari lake. Kiingereza kikigoma sema tu "Swahili", vituo vingi vya 911 vinaunganisha mkalimani kwenye simu hiyo hiyo, usikate wakikuambia usubiri.