Jino la gia lililonyooka kupita kiasi

Juma lililopita, katika karakana moja huku Kariobangi, nilionyeshwa gia ya kinu cha mahindi ambayo meno yake yalikuwa yamemeguka upande mmoja tu, ilhali upande wa pili ulikuwa haujaguswa kabisa. Mwenye kinu alilaumu chuma. Mimi naamini chuma hakikuwa na kosa, kwa kuwa sehemu ndogo ya upana wa jino ilibebeshwa mzigo wa jino zima.

Giaboksi inapofanya kazi, shafti hupinda na kujinyonga kidogo, beringi nazo hulegea, hata meno yaliyokuwa sambamba mashine ikiwa imetulia yakawa yamekaa mshazari. Jino lililonyooka kabisa hapo hugusana na mwenzake pembeni tu. Ndiyo sababu watengenezaji huliwekea jino mbinuko mdogo katikati ya upana wake, kwa kupunguza chuma pande zote mbili, mara nyingi mikroni 10 hadi 20 tu (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), na unywele wa binadamu una takriban mikroni 70. Mbinuko huo ukizidi, mzigo hurundikana katikati na shinikizo hupanda upya. Kwa hiyo hukadiriwa kulingana na mzigo wenyewe. Kanuni za ISO 6336, za kimataifa za kukokotoa uwezo wa gia kubeba mzigo, zina kizidisho maalumu, KHβ, cha kupima jinsi mzigo ulivyosambaa kwenye upana wa jino: kikiwa 1, umesambaa sawasawa.

Ncha ya jino nayo hupunguzwa kidogo, kwa sababu meno yenye mzigo hupinda, na jozi inayofuata hukutana kabla ya wakati wake, ikagonga. Sehemu kubwa ya mlio wa gia hutoka hapo.

Linalonisikitisha ni kwamba hapa Nairobi gia nyingi za akiba hukatwa kwa kuiga gia iliyochakaa, na mbinuko wa mikroni 15 hauonekani kwa macho, tena huenda ulikwisha kulika zamani. Fundi hodari hukata jino zuri, lililonyooka, na miezi michache baadaye linavunjika.

Gia mpya ya kinu kile tuliipaka rangi ya bluu ya kukagulia, inayoonyesha meno yanagusana wapi, kabla ya kufunga giaboksi, tukaizungusha taratibu huku tukiizuia kidogo. Alama ilitokea pembeni. Tulisawazisha kwanza beringi, kisha tukasugua kingo za meno kwa jiwe la kunolea la mafuta, tukapaka tena, hadi alama ikahamia katikati.