Maneno Yako, Hoja ya Nani?

Semina ya historia ya uchumi ilikuwa Alhamisi saa nane mchana, saa ambayo ugali wa kantini umeshatulia tumboni na macho yanadai haki yake. Tulikuwa mwaka wa tatu. Vitabu Kiingereza, insha Kiingereza, na wengi wetu Kiingereza chenyewe kilikuwa cha kuunga unga. Mwalimu tulimwita Dokta, basi. Alivumilia wachelewaji, alivumilia simu zinazoita, lakini desa lililobadilishwa shati, yaani kunakili kazi ya mtu na kubadili maneno tu, hakulivumilia.

Wiki ile tulikuwa tumeandika kuhusu mradi wa karanga, ule ambao serikali ya Uingereza iliuanzisha Kongwa, Dodoma, mwaka 1947 na kuutupa 1951, baada ya kuteketeza pauni milioni 36 hivi. Dokta aliingia na karatasi zenye aya mbili: ya juu ya kitabu, ya chini ya mmoja wetu. Jina hakuliweka, wala halikuhitajika. Jamaa niliyekaa naye, mtoto wa Mpwapwa, jirani na Kongwa, alishaanza kutafuta kalamu chini ya meza.

Sentensi ya kitabu ilikwenda hivi: kwanza mvua haba, halafu udongo wa mfinyanzi unaokauka na kuwa mgumu, mwisho mashine zilizoharibika. Ya jamaa nayo ilianza na mvua, ikaja udongo, ikaishia kwenye mashine, koma zikiwa palepale. Alichofanya ni kuteremka na kamusi ya visawe akibadili neno moja moja, mpaka udongo wa Kongwa ukageuka uchafu. Darasa likacheka. Dokta hakucheka.

(Siku hizi wanafunzi wanaogopa programu ya kupima kufanana na kuomba tu asilimia ishuke. Aya ile ingeweza kupita. Programu hulinganisha mfuatano wa maneno; haijui kama ulichosoma umekielewa.)

“Kijana, geuza karatasi. Nisimulie kwa Kiswahili, mimi ni mjomba wako, sijasoma.”

Jamaa akakohoa. “Mjomba, Wazungu walileta matrekta, mengine vifaru vya vita vilivyogeuzwa, wakang'oe vichaka na mibuyu. Mvua ikakatika. Sasa karanga huzaa chini ya ardhi, na kule kwetu kiangazi ardhi hata jembe haliingii. Hata zile zilizoota, kuzitoa ikawa balaa.”

“Umeona?” Dokta akasema. “Umeanzia kwenye matrekta, kitabu kilianzia kwenye mvua. Sasa andika hivyohivyo kwa Kiingereza, kitabu ukiwa umekifunga. Ukimaliza, kifungue uhakikishe hujampotosha mwandishi, halafu weka jina lake na mwaka.”

“Lakini Dokta, si nimeshaandika kwa maneno yangu?”

“Maneno yako. Hoja ya nani?”

Hapo ndipo nilipoinua kichwa. Nilidhani, na nadhani darasa zima lilidhani, kwamba ukishabadili maneno deni limekwisha. Jamaa akauliza swali zuri kuliko yote ya muhula ule: “Na lile la jembe? Kitabuni halimo. Nimelijua shambani kwa baba.”

Dokta alikaa kimya kwanza. “Basi usimsingizie mwandishi. Lile litoe nje ya sentensi yake, liwe na sentensi yake lenyewe, na useme umelijuaje.”

Jamaa akainama akaandika. Nilikuwa namchungulia: sentensi ya kwanza, matrekta, mvua, karanga zilizonaswa ardhini, na mwishoni jina la mwandishi na mwaka kwenye mabano. Ya pili ilikuwa fupi, haina mabano, inamtaja baba yake na shamba la Mpwapwa. Kitenzi kimoja kilikuwa kimekosewa. Dokta alikisahihisha kwa kalamu nyekundu, akairudisha karatasi, akahamia meza ya nyuma, ambako watu wawili walikuwa wakibadilishana insha zao harakaharaka.