Kuupitia mwili kwa akili kabla ya kulala

Ndugu zangu wa Goma, usingizi ukikataa kuja, jaribuni zoezi hili. Jon Kabat-Zinn, mwalimu wa kutafakari, alilifundisha huko Massachusetts, Marekani, kuanzia mwaka 1979, na kwake lilichukua dakika 45. Anayeanza, dakika 15 zinamtosha.

Tandika mkeka, weka kitenge kilichokunjwa chini ya kichwa na kingine chini ya magoti ili kiuno kipumzike. Jifunike, maana mwili ukitulia hupoa, na baridi ya hapa kwetu usiku mnaijua. Vuta pumzi 3 taratibu, kisha peleka akili kwenye vidole vya mguu wa kushoto. Kuna joto? Muwasho? Hakuna kitu? Hilo nalo ni jibu. Kaa hapo pumzi 4 au 5, panda unyayo, goti, paja. Hamia mguu wa kulia, halafu tumbo, mgongo, mikono.

Mabegani na tayani usikimbie. Aliyesukuma chukudu, kile chombo cha mbao cha magurudumu mawili cha kubebea mizigo, kutwa atakuta mabega yamepanda karibu na masikio, meno yameumana. Usiyalazimishe kushuka: ukilazimisha, misuli hukaza zaidi. Yahisi tu, mara nyingi pumzi ikitoka hulegea yenyewe.

Wengi hukosea kwa kuuwaza mguu badala ya kuuhisi. Pikipiki ikipiga honi, akili itaifuata, irudishe ilipoachia. Ukisinzia kabla ya kumaliza, lala tu.

Na wewe uliyepitia vita, hofu ikipanda kifuani fungua macho, gusa sakafu kwa viganja, uache. Hujashindwa.